Mti Mkavu Kando ya Nyumba: Tuufanyeje?



Katika safari zetu milimani mwa Kivu tulifika siku moja uani kwa mzee mmoja, mwenye shamba zuri la mihogo, maharage na migomba. Nyuma ya jiko lake ulisimama mkaratusi mkubwa, mrefu kupita miti yote ya mtaa ule, lakini haukuwa na jani hata moja. Magome yake yalikuwa yamebanduka, na matawi yake meupe yalionekana kama mifupa. Chini yake mama wa nyumba alikuwa akimenya mihogo, na watoto wawili waliokota vijiti vya kuwashia moto.

Tukamwuliza mwenye nyumba: «Mzee wetu, mti huu umekufa tangu lini?»

Akajibu: «Wageni wangu, radi iliupiga miaka mitatu iliyopita. Nimeuacha usimame, maana ni akiba yangu ya kuni. Mvua za miaka mitatu hazikuuangusha. Kwa nini uanguke leo?»

Maneno hayo tumeyasikia mahali pengi, na pengine hata wewe unayesoma umeyasema. Kwa hiyo twataka leo kuyapima pamoja nanyi, kwa kuwa mti uliokufa ni mali, lakini ni mali iwezayo kuua.

MTI HUFAJE?

Twajua sote kwamba radi huua miti. Milima yetu imo miongoni mwa mahali pa dunia panapopigwa sana na radi: uchunguzi uliofanywa kwa vyombo vinavyozunguka angani, ukatangazwa mwaka 2016, uliiweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, mbele ya mahali pengine pote pa Afrika.

Lakini mara nyingi ni sisi wenyewe tuuao mti pasipo kujua. Twachoma nyasi za shamba, moto waunguza shina. Twachimba msingi wa nyumba, twakata mizizi ya upande mmoja. Twabandua magome kwa ajili ya dawa, twalizunguka shina lote. Tazameni: chakula ambacho majani hukitengeneza hushuka mizizini kwa njia ya gome la ndani. Ukiliondoa gome pande zote, mizizi hukaa na njaa hata ikafa, na mti wote hufa pamoja nayo. Ndivyo ilivyopata miti mingi ile ambayo wataalamu huiita Prunus africana, ambayo magome yake hununuliwa na watengenezaji wa dawa wa ng'ambo. Tangu mwaka 1995 biashara ya magome hayo kati ya nchi na nchi yaangaliwa na mapatano ya mataifa, ili mti huo usiishe.

KWA NINI HAUKUANGUKA JANA?

Turudi kwenye swali la mzee wetu. Alidhani kwamba mti uliosimama miaka mitatu umeonyesha nguvu zake. Kweli ni kinyume. Mti ulio hai hujitengeneza: ukipata jeraha, hulifunika polepole kwa gome na mbao mpya, upepo ukiusukuma, mizizi yake huongeza nguvu. Mti uliokufa hauwezi tena hata moja la hayo. Kila mvua huulowesha, kila jua huupasua. Kuvu huingia na kuula kwa ndani, mchwa hufuata, na mizizi huoza ardhini mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo mti uliostahimili dhoruba ya mwaka jana waweza kuanguka mwaka huu kwa upepo mdogo, na tawi kavu laweza kukatika mchana mtulivu pasipo upepo wowote. Miaka mitatu si ushahidi wa usalama. Ni miaka mitatu ya kuoza.

Hatusemi kwamba miti yote huoza sawasawa. Mvule, ambao wauza mbao wa Kongo huuita kambala, una mbao ngumu zinazowashinda mchwa, nao huweza kusimama mkavu muda mrefu. Miti ya mbao laini huanguka mapema. Lakini hata mvule una matawi, na tawi lake moja latosha kuvunja paa.

SWALI LA KWANZA: UKIANGUKA, UTAMFIKIA NANI?

Kabla ya kushika shoka, mwenye busara huanza na swali hilo. Mti mkavu ulio katikati ya pori, mbali na nyumba, njia na zizi, hauna haja ya kukatwa. Uacheni. Ndege watagao mayai katika matundu, kama bundi, watakaa humo. Nyuki watapata mzinga. Na mti ukianguka utaoza na kurutubisha udongo. Lakini ulio karibu na jiko, kisima, njia ya watoto waendao shule, soko au nyumba ya jirani, huo una deni, na siku moja utalidai.

Ili kujua utafika wapi, lazima kujua urefu wake. Hapa twawaita wanafunzi wawasaidie wazazi wao. Simamisheni fimbo ya mita 1 penye jua na kupima kivuli chake. Kisha pimeni kivuli cha mti saa ile ile, mahali tambarare. Kivuli cha fimbo kikiwa sentimita 80, na kivuli cha mti kikiwa mita 20, gawanyeni 20 kwa 0.80: mti una urefu wa mita 25. Kama hakuna jua, twaeni kijiti chenye urefu sawa na mkono wenu, tangu jicho hadi ngumi. Kishikeni wima mbele yenu kwa mkono ulionyoshwa, mkarudi nyuma hata kijiti kiufunike mti wote, tangu chini hadi kileleni. Hapo mliposimama, umbali wa kufika shinani ni karibu sawa na urefu wa mti.

Mkishajua urefu, zidisheni mara mbili. Mti wa mita 25 wadai mita 50 pande zote, na katika eneo hilo asiwepo mtu siku ya kuukata, isipokuwa mkataji. Mtasema: «Mbona mara mbili?» Kwa sababu mti mkavu ukipiga ardhi hupasuka, na vipande vyake huruka, tena waweza kugonga mti mwingine na kuuangusha. Na sisi tukaao kwenye miteremko tukumbuke kwamba gogo hubingirika. Asisimame mtu upande wa chini.

Wala tusidharau uzito. Gogo la urefu wa mita 4 na unene wa sentimita 60, tukikadiria kilo 700 kwa kila mita ya ujazo, lina karibu kilo 800. Ni sawa na mifuko 16 ya saruji ikianguka kwa pamoja.

KUUCHUNGUZA MTI

Baada ya chakula tulikwenda na mzee kuutazama mti wake. Hatukuenda moja kwa moja shinani. Tulisimama kwanza mbali, tukaangalia juu. Hii ndiyo kanuni: macho huanza kileleni. Matawi yaliyovunjika na kuning'inia juu ya matawi mengine ni hatari kupita yote, kwa maana hungoja mtikiso mdogo tu, nayo hushuka juu ya kichwa cha mkataji.

Kisha tulitazama kama mti umeinama. Tulitwaa timazi la mwashi, yaani uzi wenye jiwe, tukaulinganisha na shina pande mbili. Mti ulikuwa umeelekea jiko.

Ndipo tukakaribia na kutazama mambo haya:

Kwanza, uyoga shinani au juu ya mizizi. Uyoga ni tunda la kuvu. Ukiuona nje, ujue kuvu imekwisha kula ndani.

Pili, udongo kuzunguka mti. Ukiwa umepasuka au kuinuka upande mmoja, mizizi imeanza kung'oka.

Tatu, mashimo, nyufa, njia za mchwa na unga wa mbao chini.

Nne, sauti. Mzee aligonga shina taratibu kwa nyuma ya shoka. Upande wa juu wa mlima lilitoa sauti kavu ya mti mzima. Upande wa jiko lilitoa sauti ya ngoma. Mzee alituangalia, akashusha shoka. Hakuna aliyehitaji kumweleza zaidi.

MAMBO MATATU YASIYOFANYWA

La kwanza: usipande. Mti ulio hai huinama chini ya uzito wa mpandaji. Mti mkavu hukatika. Kijana hodari wa kupanda minazi au michikichi asijidanganye, kwa maana tawi alilolishika laweza kuwa limeoza mahali linapoungana na shina.

La pili: usiuchome moto ungali umesimama. Wengi hudhani kuwa ni njia rahisi, haina jasho. Lakini moto haujui upande. Hula palipo pakavu, na mti huanguka saa usiyoijua, pengine usiku wa manane watu wamelala. Shina lenye tundu huwa kama bomba la moshi, likatupa cheche mbali juu ya mapaa ya nyasi. Na moto ulioingia mizizini waweza kukaa chini ya udongo siku nyingi, kisha ukatokea upya.

La tatu: usilifanye jambo hili kuwa karamu ya mtaa. Twaisifu kazi ya pamoja, na salongo imejenga madaraja na barabara nyingi. Lakini kuangusha mti si kazi ya watu hamsini wanaopiga kelele. Ni kazi ya fundi mmoja na msaidizi wake, na msimamizi mmoja awazuiaye watu njiani. Mwenye kuamuru awe mmoja, na ishara zijulikane kabla ya kuanza.

FUNDI AFANYAVYO

Mti wenye shina bovu, ulioinamia nyumba au ulio karibu na nyaya za umeme, mwenye shamba asiuguse. Kwa nyaya, waiteni kwanza wenye kampuni ya umeme. Kwa mti ulioinamia nyumba, tafuteni fundi wa msitu aliyeizoea kazi hiyo. Malipo yake ni madogo kuliko gharama ya paa, na paa ni dogo kuliko mtoto.

Lakini yafaa kila baba ajue namna kazi inavyoendeshwa, apate kumtambua fundi wa kweli. Fundi wa kweli huchagua siku ya kiangazi isiyo na upepo wala mvua. Huchagua upande wa kuuangusha mti. Husafisha majani na vijiti kuzunguka shina, na kutengeneza njia mbili za kukimbilia, nyuma yake, moja upande wa kuume na moja upande wa kushoto. Hakimbilii nyuma ya shina moja kwa moja, kwa sababu mti ukianguka kitako chake chaweza kuruka nyuma kwa nguvu.

Kisha hukata pengo upande mti utakapoangukia, lenye kina cha robo ya unene wa shina. Kwa shina la sentimita 60, ni sentimita 15. Baadaye hukata kwa msumeno upande wa nyuma, juu kidogo ya chini ya pengo, sentimita 3 hadi 5. Wala hakati hadi mwisho. Huacha ukanda wa mti mzima katikati, karibu sehemu ya kumi ya unene, yaani sentimita 6. Ukanda huo ni kama bawaba ya mlango: ndio uuongozao mti unapoanguka. Aukataye wote ameutupa usukani. Na hapa ndipo ubaya wa mti uliooza unapoonekana: bawaba yake haina nguvu, hukatika mapema, na mti huenda utakako.

Kabari hutumika kuusukuma mti, lakini kwa mti mkavu hugongwa kwa upole, kwa kuwa kila pigo hutikisa matawi ya juu. Kamba ikitumika, hurushwa juu kabla ya kukata, kwa uzi mwembamba wenye kifuko cha mchanga. Nayo iwe ndefu kiasi kwamba wavutaji wasimame mbali kupita urefu wa mti. Asiizungushe mtu mkononi wala kiunoni. Na msaidizi asimame nyuma akitazama juu wakati wote, kwa maana mwenye msumeno hasikii kitu.

Kama mti ukikwama juu ya mti mwingine, asipite mtu chini yake, wala usikatwe ule ulioubeba. Zungusheni eneo, mkatafute watu wenye vyombo vya kuuvuta kutoka mbali. Wakataji wengi wamekufa kwa mti ambao walidhani umekwisha kuanguka.

Kama kuna nyuki tunduni, aitwe kwanza mrina asali, aje jioni na moshi wake. Nyuki wakimvamia mtu mwenye msumeno, hukimbia pasipo kutazama njia.

NENO LA SHERIA NA LA UJIRANI

Wengine husema: «Mti ni wangu, shamba ni langu.» Ni kweli, lakini tawi halitambui mpaka. Sheria ya Kongo, katika amri ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mapatano na wajibu, kifungu cha 258 hadi 260, yafundisha kwamba mtu aliyemdhuru mwenzake kwa kosa lake sharti alipe. Wala si kwa tendo lake tu, bali hata kwa uzembe wake, na kwa vitu vilivyo chini ya ulinzi wake. Aliyeonywa juu ya mti wake na asifanye neno, atasema nini mbele ya baraza?

Kwa hiyo, jirani akija kukuambia juu ya mti wako, usimwone mchokozi. Naye anayeonya aende kwa heshima, akimwita mzee «baba» na mama «mama», wala asianze kwa chifu kabla ya kuongea na mwenyewe. Na ikiwa mti u wa mjane au wa mzee asiye na nguvu, basi deni hilo ni la mtaa mzima: tuchange, tumlipe fundi. Tena mti usio wa shamba lenu, ulio msituni mwa Serikali, msiukate pasipo ruhusa. Na ndani ya hifadhi ya taifa kukata kumekatazwa.

MWISHO WA MKARATUSI

Mzee wetu alikubali kumwita fundi. Kwanza alihamisha mahali pa kumenyea mihogo, akafunga kamba kuzunguka mti, akawakataza watoto. Mama alinung'unika kidogo, kwa sababu kivuli cha shina kilimfaa wakati wa adhuhuri.

Siku ya nne, usiku, pasipo upepo, tawi moja nene kama paja la mtu lilikatika. Asubuhi waliliona: lilikuwa limeangukia yale mawe matatu ambayo mama alizoea kukalia. Jiwe moja lilipasuka vipande viwili.

Fundi alikuja juma lile lile na msaidizi wake. Kwa kuwa shina lilikuwa bovu upande wa jiko, hakukubali kukata siku ile. Alitafuta kamba ndefu na winchi ya mkono, akaifunga kwenye mti mzima ulio juu mlimani, akauvuta mkaratusi polepole alipokuwa akiukata, hata ukalala juu ya shamba la maharage yaliyokwisha kuvunwa. Sauti yake ilisikika mtaa mzima. Kuku tu ndio waliopata hofu.

Tulipopita tena pale baada ya miezi michache, tulikuta kuni zimepangwa vizuri ukutani, sehemu nzima ya shina imepasuliwa kuwa mabenchi mawili, na kisiki kimeachwa mahali pake, kikishika udongo wa mteremko. Mzee alikuwa amepanda miche ya miti mingine, naye alipima kwa hatua zake mwenyewe, ili kila mmoja uwe mbali na nyumba kupita urefu utakaoufikia siku za wajukuu wake.

Mama alitukaribisha kwenye benchi jipya. Akatuonyesha lile jiwe lililopasuka. Hakulitupa, ameliweka kando ya mlango wa jiko, na kila jirani aliye na mti mkavu huletwa alitazame.

Wahenga walisema: «Usipoziba ufa, utajenga ukuta.» Basi, wapendwa wasomaji, leo jioni, kabla jua halijatua, tokeni nje na kutazama juu. Mkiuona mti usio na majani karibu na nyumba yenu au ya jirani, msingoje mvua za mwezi wa tisa. Pimeni urefu wake pamoja na watoto, mkawahamishe wanaokaa chini yake, kisha mwende kumtafuta fundi. Kuni zitapatikana vilevile, na waliozitegemea wataota moto wakiwa wazima wote.